Kaka Yangu Aliyesoma Mabanda kwa Pua

Jamani, mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimezaa watano, nimemzika mume, na miaka kumi na saba nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la misumari na saruji, ambako kila mteja anakuja na uongo wake. Lakini asubuhi ile kwenye banda la kaka yangu niliduwaa. Mdomo ulikuwa wazi, na mimi mdomo wangu hauwi wazi bila maneno kutoka. Kwa hiyo nisikilizeni na msinikatize, maana nikikatizwa naanza kugomba na habari yote inaharibika.

Kaka yangu watu wanamwita Pua. Jina lake lipo kwenye kitambulisho na huko ndiko lilikobaki. Hata mkewe anamwita Pua, hata mimi, ambaye yeye ndiye aliyeniachia ziwa. Alilipata ujanani, alipoajiriwa kuosha vyombo vya maji kwenye shamba kubwa la kuku lenye mabanda kumi na sita. Siku moja alikuwa anapita nje ya banda la saba na ndoo zake mbili, akasimama, akamwambia msimamizi, "Humu ndani, kona ya kulia, kuna maji." Msimamizi akacheka. Juu, maranda ya mbao wanayolalia kuku yalikuwa makavu, yamekaa vizuri kabisa. Wakafukua kwa kumkomoa tu, wapate kumcheka zaidi. Chini ya maranda bomba lilikuwa limepasuka, maji yanajaa taratibu chini kwa chini. Tangu siku hiyo hakuosha tena chombo. Kazi yake ikawa kunusa.

Alipoacha kazi akajenga banda lake nyuma ya jiko: tofali hadi kiunoni, juu yake wavu, paa la mabati, kuku wa nyama mia sita kwa bechi moja. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anachovya buti kwenye beseni la dawa, anaingia hadi katikati, anachuchumaa mpaka uso wake unakuwa kimo kimoja na kuku, anafumba macho, anavuta pumzi. Hiyo mwenyewe aliiita kusoma banda. "Kuku hapumui huku juu uliko wewe," alikuwa anasema. "Shuka chini, uvute anachovuta yeye." Ni neno la kweli na silipingi.

Ubaya ni kwamba katika nyumba ile hakuna pua nyingine iliyoruhusiwa kufanya kazi. Wifi yangu akisema, "Baba watoto, leo naona kama kunanuka," alijibiwa, "Pua yako na yangu, ipi iliyowahi kulipwa mshahara?" Tulicheka wote. Ulikuwa utani mzuri miaka ya kwanza. Lakini utani ukirudiwa kila siku unageuka sheria, na wifi akazoea kunyamaza. Hakushika hata reki kabla banda halijasomwa. Akisikia harufu alijiambia ni mafua yake mwenyewe. Na si yeye tu. Majirani, wafugaji wa mitaa ya mbali, ndugu, sote tulimwachia kaka kunusa. Alikuja, akachuchumaa, akasema "safi", na mwenye kuku akaenda kulala.

Halafu zikaja zile bechi mbili.

Ya kwanza walikufa kuku tisini. Ya pili, mvua zilipokolea, walikufa mia moja na arobaini, na waliobaki walikuwa wadogo kama njiwa. Walivimba macho. Walikuwa wanasimama kando ya ukuta wamefumba, wanakohoa kile kikohozi cha kuku ambacho usipokijua utadhani ni mtu anaguna. Kaka akalaumu vifaranga, akabadilisha anakovinunua. Akalaumu chakula, akabadilisha chakula. Akalaumu mvua, na mvua haibadilishwi. Banda hakulilaumu hata siku moja. "Banda nimelisoma," alisema. "Banda safi."

Wifi ndiye aliyeweka mpaka. Ni mwanamke mpole, sijawahi kumsikia akipaza sauti, lakini siku alipomaliza kufukia kuku wa mwisho wa bechi ya pili aliingia ndani na udongo mikononi akasema, "Tunaleta vifaranga mara moja tu tena. Hawa nao wakifa, mabati yanashuka, wavu unang'olewa, na mimi narudi kufua nguo za watu." Nyumba nzima ilikuwa inakula kutoka kwenye banda lile.

Sasa, kaka ana binti aliyekuwa ametoka chuo cha mifugo mwaka huo huo. Baba yake alimwita Mtaalamu, na haikuwa sifa. Mtaalamu akaja na pipa. Alilitoboa matundu, akalijaza magunzi ya mahindi, akawasha kutoka juu, moto uliposhika akalifunika ili yaungue kwa kunyimwa hewa. Kabla hayajawa majivu akayamwagia maji. Yakatoka magunzi meusi, mepesi, yanalia kama vigae ukiyagonganisha. Akayaanika, akayatwanga, akayachekecha. Huko chuoni wanayaita bayocha. Nyumbani tuliyaita makaa ya Mtaalamu.

"Baba, haya tunachanganya na maranda," akasema. "Debe moja kwa madebe kumi. Yana vitundu vidogo vidogo ambavyo huwezi kuviona, yananyonya unyevu na ile hewa kali inayotoka kwenye kinyesi. Na kidogo tunatia kwenye chakula, kilo moja kwa kilo mia, tumbo la kuku litulie."

"Kuku wangu wale makaa?" kaka akasema. "Unataka tuwafuge au unataka waive kutoka ndani, mteja apelekewe yuko tayari?"

Tulicheka mpaka mtoto wa watu machozi yakamlengalenga. Na mimi nilikuwemo katika kucheka, Mungu anisamehe. Lakini ile ni damu ya kwetu, haikubali kushindwa. Akajifuta, akasema, "Basi tupime. Nusu kwa nusu."

Wakapatana. Turubai likafungwa katikati ya banda kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, kila upande ukawa na mlango wake. Kulia maranda matupu, kama kaka alivyofuga maisha yake yote. Kushoto maranda na makaa, na chakula chenye makaa. Vifaranga mia tatu huku, mia tatu huku. Siku ya ishirini na nane kaka angesoma pande zote mbili. Pua yake isipoona tofauti, makaa yote yanatolewa, pipa linauzwa chuma chakavu, na Mtaalamu hatasema tena neno kuhusu kuku wa nyumba ile. Bechi itamaliza siku zake kwa njia ya baba.

Mnauona ujinga wetu? Hakuna aliyesema tuhesabu kuku waliokufa kila upande. Hakuna aliyesema tuwaweke kwenye mizani. Pua ndiyo iliyoamua siku zote, basi na hili pua iamue. Hata msichana wa chuo, na vyeti vyake, hakuona kosa hapo, maana na yeye alilelewa kwenye nyumba ile ile.

Mimi niliitwa niwe shahidi. "Shangazi, uje," alinipigia simu. "Baba anakuogopa wewe peke yako." Ni kweli, ananiogopa, na nimefanya bidii aniogope. Banda lenyewe nilikuwa sijaingia zaidi ya mwaka, kwa sababu kaka hapendi viatu vya wageni vimletee maradhi.

Nilifika saa mbili asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na siku hiyo jua limetoka, mabati yanatoa mvuke. Wifi alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, mlango uko wazi. Alikataa kusogea. "Nitasikia kutoka hapa hapa," akasema, akaendelea na kisu chake. Nikavalishwa buti za mpira za kaka zilizonizidi, nikachovya kwenye beseni, tukaanza na kushoto.

Nilichuchumaa, magoti yakalia. Nikavuta pumzi. Nilisikia vumbi, manyoya, na ule ujoto wa kuku wengi waliokaa pamoja. Basi. Kuku walikuwa weupe, macho maangavu, mmoja akaanza kudonoa buti langu kwa ufidhuli kabisa. Maranda yalikuwa yamekuwa meusi kwa yale makaa na ukiyashika yanapita katikati ya vidole. Kaka akachuchumaa pembeni yangu, akafumba macho, akavuta, akatoa.

"Kawaida," akasema.

Tukatoka, tukazunguka, tukafungua mlango wa kulia.

Toba! Sikufika hata katikati. Ile hewa ilinipiga usoni kama mtu amenimwagia pilipili. Macho yakawaka, koo likafunga, kifua kikakataa. Nilijilazimisha kuchuchumaa kwa sababu mimi ni shahidi, na kule chini, kwenye kimo cha kuku, ilikuwa mara mbili yake. Kuku walikuwa wamekaa kwa vifundo kando ya ukuta. Aliyekuwa karibu yangu jicho moja lilikuwa limeziba kabisa, la pili lina ukungu mweupe, na ananielekezea uso kwa kuisikia sauti yangu tu. Nilitoka mbio nakohoa, nimejifunika uso kwa upande wa gauni. Mtaalamu naye alikuwa mlangoni, ameziba pua kwa kiwiko.

Nikageuka nimtafute kaka.

Alikuwa katikati ya banda. Amechuchumaa, mikono juu ya magoti, macho amefumba, kifua kinapanda na kushuka polepole kama mtu aliyekaa kwenye upepo mzuri. Na machozi yanamtiririka. Yalikuwa yanashuka mashavuni, yanaingia kwenye ndevu, yanadondoka kwenye shati, na uso umetulia kabisa.

"Safi," akasema. "Hakuna tofauti yoyote. Mtaalamu, kauze pipa lako."

"Kaka," nikasema, "unalia."

Akajigusa shavu, akatazama kidole chake. "Haya ni macho ya uzee tu."

"Baba!" binti akapiga kelele. "Baba, kuku hawa ni vipofu! Unawaona?"

"Nimesoma nimemaliza. Tulipatana au hatukupatana?"

Basi kilichonitisha zaidi ni alichofanya yule mtoto. Hakubisha tena. Aliinamisha kichwa, akaenda akachukua koleo lililoegemea ukutani, akaelekea upande wa kushoto, kwenye kuku wazima, ili aanze kutoa yale maranda mazuri ayatupe. Kwa sababu Pua amesema. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu kwa ile hewa, na alikuwa anakwenda kutii.

"Weka koleo chini!" nikamwambia, kwa sauti ambayo nadhani mtaa wa pili walisikia. "Weka chini kabla sijakupiga nalo!"

Nilikwenda jikoni na buti zangu za matope. "Wifi, mafuta ya taa yako wapi?" Akanionyesha chini ya meza, akataka kuuliza, akaona uso wangu, akarudi kwenye vitunguu. Nikalowesha tambara. Kaka alikuwa ametoka, amesimama karibu na beseni la dawa, anajipangusa ndevu.

"Fumba macho," nikamwambia.

"Michezo gani hii, dada?"

"Fumba macho kabla sijakuvua hiyo kofia mbele ya mwanao."

Akafumba. Nikasogeza tambara mpaka likakaribia kugusa pua yake, pua ile ile iliyolisikia bomba lililopasuka chini ya maranda. Mimi mwenyewe, kwa urefu wa mkono, mafuta yalikuwa yananichefua. Nyuma yetu kisu cha wifi kilikuwa kinagonga ubao, tak, tak, tak.

"Nini hiki?"

Akavuta pumzi ndefu. "Kitunguu," akasema, kwa uhakika wa mwalimu.

Kisu kikanyamaza.

Nikaliondoa tambara, nikahesabu mpaka tano, nikalirudisha lile lile. "Na hiki?"

Safari hii alichelewa. Aligeuza sikio kidogo upande wa jikoni, nikaona anasikiliza, anatafuta sauti ya kumsaidia, na sauti haipo.

"Sabuni," akasema.

Akafumbua macho. Akaliona tambara mkononi mwangu, akalitambua, ni lile la kufutia taa. Mtaalamu alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Na mimi nilisimama pale, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mdomo wazi.

"Tangu lini?" nikauliza baadaye.

Kaka alipapasa nyuma akapata ndoo, akaigeuza, akakaa. "Mwaka wa nne huu. Yale mafua makali niliyolala nayo wiki mbili. Yalipoondoka, ikaondoka nayo. Kabla ya hapo ilikuwa imeshaanza kuchoka."

"Na hukusema."

"Nilijua itarudi."

"Miaka minne unachuchumaa pale kila asubuhi! Unafanya nini pale, kaka?"

"Nasubiri," akasema. "Naisubiri irudi."

Nikapandwa na hasira, jamani, hasira ambazo hata sikujua nimmwagie nani. "Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe si ndiye uliyekuwa unatuambia? Umeficha wewe, wamekufa kuku! Na mabanda ya watu? Umeyasoma na nini?"

"Naangalia. Nashika maranda nayafinya, yakigandamana yana maji. Naangalia wapi kuku hawataki kulala. Mara nyingi nilipatia."

"Mara nyingi! Hewa inafinywa?"

Wifi alikuwa amefika mlangoni, kisu bado kiko mkononi, na hakuwa anatazama kuku wala banda. Alimtazama mumewe kama mtu aliyemkuta mgeni sebuleni.

"Kwa hiyo chakula?" akauliza.

"Chakula gani?"

"Zamani ulikuwa unalalamika kila siku. Chumvi, sijui moshi, sijui mafuta ya jana. Halafu ukaacha. Miaka minne kila nikikuuliza unasema kitamu." Akashusha kisu. "Mimi nilidhani nimejua kupika."

Kaka akatazama chini. "Hakina ladha yoyote, mke wangu. Hakuna kitu chenye ladha."

Wifi akacheka, kicheko kifupi cha ajabu, halafu akakaa kwenye kizingiti, akalia kwa sauti. Sijawahi kumsikia akilia kwa sauti. Na pale pale, wakati nimesimama katikati ya watu wawili wanaolia, mmoja kwa machozi na mwingine bila, likanijia jambo ambalo lilikuwa limeanza kunigusa tangu nilipochuchumaa kwenye ile hewa.

"Kaka," nikasema. "Na banda langu?"

Aliinua uso. Nilipomwona alivyoniangalia nilijua kwamba yeye alishalifikiria zamani.

Miaka miwili na nusu nyuma nilikuwa na kuku mia mbili nyuma ya nyumba yangu. Aliyekuwa anawatunza ni mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, msichana mnyamavu aliyekuwa anaamka kabla yangu. Alinifuata siku moja akaniambia, "Mama, banda linawasha macho." Nikamwita Pua. Pua akachuchumaa, akasema safi. Siku chache baadaye kuku wakaanza kuanguka, walikufa zaidi ya hamsini, na mimi kwa mdomo huu nilionao nikamwambia yule msichana kwamba banda lilisomwa likawa safi, kwa hiyo uchafu ni wa mikono yake. Nilimwita mvivu mbele ya mumewe. Nilimwambia kwao hawakumfunza. Mwezi haukuisha, mwanangu alikodi gari, wakapakia kitanda na vyombo, wakahamia mbali. Wananipigia simu, ndiyo. Wana adabu. Lakini hawajarudi.

"Nilifinya maranda yako," kaka akasema. "Yalikuwa makavu, dada. Nilidhani..."

Ningemjibu ningesema neno ambalo halifutiki.

Aliyetuokoa ni Mtaalamu. "Baba," akasema, na koleo liko tena mkononi, "kuku wanavuta ile hewa sasa hivi tukiwa tumekaa hapa."

Basi tukafanya kazi. Tulifungua milango yote, tukakunja maturubai ya kuzuia upepo kwenye wavu, tukatoa maranda ya kulia kwa toroli, yaliyokuwa yameganda vipande vipande kwa chini na ukiyageuza unakimbia. Wifi alifunga kitambaa kichwani akashika reki bila kumsubiri mtu. Kaka alibeba magunia ya makaa mgongoni, moja moja, kutoka kwenye pipa hadi bandani, na hakuna aliyemwambia apumzike. Binti alimpa kitambaa cha kufunga usoni.

"Cha nini?" kaka akasema. "Si imeshakufa."

"Mapafu bado, baba."

Akafunga.

Tulipowahamisha kuku ndipo tulipowahesabu kwa mara ya kwanza. Kushoto walipungua tisa. Kulia walipungua hamsini na wanane, na kumi na watatu kati ya waliobaki hawakuona tena hata baada ya hewa kuwa nzuri. Hao wifi aliwatenga karibu na chakula, wakawa wanakula kwa kupapasa. Waliobaki waliponyanyuka ilikuwa ajabu nyingine, mpaka siku ya kuuza ulikuwa huwezi kumjua wa kulia na wa kushoto isipokuwa kwa mizani. Mabati hayakushuka. Wifi hakurudi kwenye kufua. Tangu hapo hakuna bechi inayoingia bila makaa ya Mtaalamu, na pipa limekuwa mapipa matatu.

Kaka naye alifanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mwanamume mwenye kiburi kile. Alikaa kwenye ndoo yake na simu, akaanza kuwapigia waliomwita kuwasomea mabanda ndani ya miaka minne ile. Mmoja mmoja. "Ni Pua. Ile siku niliposema banda lako safi, nilikuwa sisikii harufu." Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mmoja alimtukana mpaka mimi niliyekaa mbali nikasikia matusi, na kaka akawa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, ni kweli," mpaka simu ikakatwa. Akapangusa simu kwenye suruali, akatafuta namba iliyofuata.

Nilirudi kwangu nikiwa nanuka kuku mwili mzima. Sikuoga. Nilikaa kitandani na buti za kaka miguuni, nikampigia mkamwana wangu, maana nilijua nikioga na kunywa chai nitapata sababu ya kungoja kesho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu nikamweleza. Nilieleza yote, turubai, makaa, machozi kwenye ndevu, tambara la mafuta ya taa na kitunguu. Nilieleza haraka haraka kama mtu anayekimbizwa. Yeye alikuwa anasema tu, "Eh," na, "Maskini mjomba." Nilipofika mwisho nikasema, "Kwa hiyo unaona, mwanangu. Hana pua miaka yote hiyo, na amesema safi. Tulidanganywa sote, wewe na mimi."

Nilisikia mtoto anacheza upande wake, mjukuu ambaye sijawahi kumbeba.

"Mama," akasema taratibu, bila ubaya hata kidogo, "siku ile mjomba alipokuja kusoma, si mliingia wote wawili?"

"Tuliingia."

"Na wewe macho hayakukuwasha?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaka siku ile. Nilikuwa nimejipangusa mara mbili kwa upande wa gauni, nikamsikia anasema safi, nikamshukuru.

"Yaliniwasha," nikasema.